Ukungu wa Jangwani na Vifua Vyetu



Wapo wanaocheka wakisikia kwamba ukungu huota jangwani. Tunasema ule ukungu wa kuota kwenye unga na mkate, si ule wa alfajiri. Sisi pia tulicheka, mpaka aliporudi kijana mmoja aliyekuwa akikata miwa pamoja nasi, baada ya miaka miwili ya kazi ya ujenzi katika nchi za Ghuba. Alikwenda na kifua kizima. Alirudi anakohoa usiku kucha, macho yanamwasha, na kifua kinalia kila akivuta pumzi.

Alitueleza hivi. Kuanzia Juni mpaka Septemba joto hupita digrii 40, na pwani hewa hujaa unyevu wa bahari. Bwenini kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana. Chombo hicho hukamua maji kutoka katika hewa, na maji hayo yanatakiwa kutoka nje kwa bomba. Bomba likizibwa na vumbi, na vumbi huko si haba, maji hurudi ukutani. Watu wanane chumba kimoja, nguo mbichi juu ya vitanda, madirisha yamefungwa: ukungu unataka nini zaidi? Kiyoyozi kile kile huzipeperusha chembe zake, na mwenye mzio, ambao wengi huuita aleji, huzivuta mpaka asubuhi.

Msimamizi alimpa vidonge vya mafua, akamwambia hajazoea hali ya hewa. Hapo ndipo tunapokataa. Vidonge hutuliza mwasho, lakini haviuwezi ukuta uliolowa. Mtu akilala kwingine akapata nafuu, akarudi bwenini akaugua tena, ugonjwa wake umo chumbani. Wenzetu wa viwanda vya sukari wanayajua haya: makapi ya miwa, yaani bagasi, yakirundikwa mabichi huota ukungu, na vumbi lake huharibu mapafu.

Yapo tunayoweza kufanya wenyewe. Osha kichujio cha kiyoyozi, anika nguo nje, funika pua na mdomo kisha sugua ukuta kwa sabuni na maji, ukaukaushe. Dawa ya klorini usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, maana hutoa hewa ya sumu. Godoro lililoota ukungu litupwe. Lakini bomba, paa na idadi ya vitanda ni kazi ya mwajiri, naye asitutupie kipande cha sabuni akadhani amemaliza.

Taabu ni kwamba Saudi Arabia na Falme za Kiarabu haziruhusu vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo tudai hapa Uganda, kabla ndege haijaruka Entebbe: mkataba utaje bweni, matengenezo ya kiyoyozi na matibabu ya kifua. Hatuombi hisani. Shirika la Kazi Duniani lina Pendekezo Na. 115 la mwaka 1961 juu ya nyumba za wafanyakazi, na mwaka 2022 liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi. Wakala anayekataa kuyaandika hayo, tunamwuliza anaficha nini.

Wanaojiandaa kusafiri walete mikataba tawini kabla ya kutia sahihi. Tutaisoma pamoja, hata ile ya Kiarabu. Yupo mwenzetu anayeijua lugha hiyo.