Mtoto aliyepewa kokoto



Mwezi uliopita nilikuwa pale Ilagala nikisubiri kivuko cha kuvuka Mto Malagarasi. Mbele yangu alikaa bibi mmoja juu ya dumu lake la mawese, kanga kaifunga kifuani, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani. Vijana wawili wa bodaboda walimtazama. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Umeyaona macho hayo?" Wakasogeza pikipiki zao pembeni.

Anayeijua kazi ya kuchemsha mawese anajua macho yale yametoka wapi. Ni kushinda mbele ya pipa, kuni mbichi, moshi usoni, mwaka baada ya mwaka. Lakini macho mekundu ya mwanamke mzee, kwetu na kule Usukumani pia, yamewahi kutosha kuwa ushahidi.

Nikiwa kwenye foleni ile nilikumbuka hadithi fupi ya Mmarekani Shirley Jackson, iitwayo The Lottery, yaani bahati nasibu. Ilitoka katika jarida la The New Yorker mwezi Juni 1948. Nikusimulie kidogo. Ni tarehe 27 Juni, saa nne asubuhi, jua zuri, katika kijiji cha watu kama 300. Wanaume wanaongea habari za mvua na kodi, wanawake wanapashana habari, watoto wa kiume wanakusanya mawe. Kuna sanduku jeusi lililochakaa, ndani yake vikaratasi, na kila mkuu wa familia anachomoa kimoja. Zamu inaiangukia familia ya mama mmoja, Tessie Hutchinson. Wanachomoa tena wao kwa wao, na karatasi yenye doa jeusi inakuwa ya kwake. Kijiji kizima kinamgeukia kwa mawe. Shughuli yote imepangwa iishe mapema, watu wawahi chakula cha mchana.

Sanduku la kwanza lilikwisha kupotea zamani. Maneno yaliyokuwa yakisemwa katika shughuli hiyo yamesahaulika. Waliyoyakumbuka ni mawe tu. Na mzee mmoja akisikia kwamba vijiji jirani vinafikiria kuiacha, anawaona ni wapumbavu, kwa sababu kwake jambo hili limekuwapo siku zote. Tessie mwenyewe alifika kwa kuchelewa, akitaniana na majirani. Alianza kulia kwamba si haki pale tu zamu ilipoingia nyumbani kwake. Mwishoni kabisa mtu anamtilia mtoto wake mdogo, Davy, kokoto chache mkononi.

Jackson alieleza baadaye kwamba kiangazi kile alipata barua zaidi ya 300. Wengi walikasirika, wengine hawakuelewa. Lakini wako waliotaka tu kujua bahati nasibu hizo hufanyika wapi, na kama wanaweza kwenda kutazama.

Usiwacheke. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, Kasulu, mkoani humu humu, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi, wengi wao wazee. Walioshtakiwa walikuwa 23, mganga wa kienyeji akiwamo. Hao ni walioshtakiwa. Waliosimama wakitazama hawakuhesabiwa.

Kigoma shughuli hii ina jina: kamchape. Wanaalikwa watu wanaojiita mafundi, wanapita nyumba kwa nyumba kufukua uchawi, wanataja majina. Malipo yao hutoka kwenye mchango wa wanakijiji. Aliyetajwa anaweza kufukuzwa au kuchomewa nyumba. Viongozi wa Serikali wamekemea mara nyingi, na mambo yanarudi. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba ni mila, tumewakuta babu zetu wakifanya.

Babu yupi? Mchape ulianzia Nyasaland, Malawi ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Neno lenyewe ni la Kinyanja na maana yake ni kufua, kama mtu anavyofua nguo. Vijana waliovaa nguo za Kizungu walizunguka vijijini wakiwa na vioo vya kumtambulia mchawi na dawa ya kunywesha watu. Mtafiti Audrey Richards aliandika habari zao mwaka 1935, alipowakuta Rhodesia Kaskazini, yaani Zambia. Wimbi likafika Ufipa, na mwaka 1968 Roy Willis akaliandikia makala. Sikatai kwamba hofu ya wachawi ni ya zamani zaidi ya hapo. Lakini mapadri wa White Fathers walifika Ujiji mwaka 1879. Maana yake Injili ilifika kwenye ziwa hili zaidi ya miaka 50 kabla kamchape hajazaliwa, na bado tunamwita kamchape mwenyeji na Kristo mgeni.

Nayasema haya nikiwa na deni. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, katika kijiji cha ziwani ambacho sitakitaja, daftari la mchango lilipopita. Baba alikuwa ziwani. Mama akafunga noti kwenye pindo la kitambaa, akaniambia, "Kimbia ukawape, na uhakikishe wameandika jina la baba yako." Mama alikuwa mwanakwaya. Hakuwa na chuki na mtu yeyote. Alijua tu kwamba nyumba isiyochanga ndiyo itakayochunguzwa kwanza. Nilikimbia, na nilijiona mkubwa kwa kutumwa kazi ya watu wazima.

Wiki ile ile alitajwa jirani yetu, mjane aliyetuita wajukuu zake na kutugawia maembe. Nyumba yake iliungua usiku. Yeye mwenyewe aliponea dirishani, tukasikia amevushwa Malagarasi kwa mtumbwi. Hatukumwona tena. Maembe yake tuliyala sisi.

Ndiyo maana Yohana sura ya 9 hunikalia vibaya. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Ni swali letu kabisa. Mtoto amekufa kwa homa, mtumbwi umezama na dagaa wake, basi ni nani? Yesu halikubali swali lenyewe. Anatema mate chini, anafanya tope, anamtibu mgonjwa. Lakini ninaposoma sura ile huwa nakwama kwa wale wazazi. Walipoitwa kuulizwa habari za mtoto wao, wakasema ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe, kwa sababu waliogopa kutengwa na sinagogi. Hapo namwona mama na kitambaa chake.

Najua yupo atakayenifungulia Kutoka 22:18 kuhusu mwanamke mchawi. Nami nitamwomba afungue pia Kumbukumbu la Torati 19, panapotakiwa mashahidi wawili au watatu, na shahidi wa uongo apewe adhabu ile ile aliyomtakia mwenzake. Kioo cha fundi si shahidi. Moshi wa kuni si shahidi. Na waliokuja na Torati mkononi ndio wale wale ambao Bwana wetu aliwaachia swali la nani arushe jiwe la kwanza, nao wakaenda zao.

Stefano alipouawa, Sauli hakurusha jiwe. Alilinda nguo za waliorusha. Miaka mingi baadaye, akiwa mtume, katika Matendo 22 bado anazitaja nguo zile.

Ndugu yangu, daftari likipita kwako sitakuambia ni rahisi kukataa. Nyumba moja isiyochanga ni mshukiwa. Lakini jumuiya nzima yenye kaya ishirini, iliyokubaliana mapema, kabla fundi hajaalikwa, kwamba hapa hatuchangi na aliyetajwa atalala kwetu, hiyo ni vigumu kuichoma moto. Sijui kwa nini tunapanga ratiba ya harambee ya bati miezi sita mbele, na jambo hili tunasubiri mpaka ngoma zilie. Liwekwe kwenye kikao cha wiki hii. Padri au mchungaji akisita, wazee wa kanisa waanze.

Kivuko kilipofika, bibi yule alijaribu kuliinua dumu likamshinda. Nikamwendea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Shika huku chini, huko juu linateleza."

Tulilibeba wawili mpaka ndani. Wale vijana wa bodaboda walipanda upande wa pili, wakageuka kutazama maji.