Rubio asema hakuna aliyekufa. Nani alibaki wa kuhesabu?

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Mwezi wa tano 2025, waziri wa mambo ya inchi za nje wa Marekani, Marco Rubio, aliwaambia wabunge wa inchi yake kwamba hakuna mtu aliyekufa kwa sababu ya kukatwa kwa misaada ya USAID. Neno hilo halipaswi kupita hivi hivi masikioni mwa wahami wa Kivu.

Tarehe zikumbukwe. Siku ya 20 Januari 2025, rais Trump alisimamisha misaada ya inje kwa siku 90. Juma hilo halikuisha vizuri, M23 ikaingia Goma. Mwezi wa pili ilikuwa zamu ya Bukavu, na wahami wa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya wakaambiwa wafunge mizigo. Mwaka wa 2024 Marekani ilikuwa imelipa karibu 70% ya pesa za misaada ya kibinadamu Congo. Tarehe 10 Machi, Rubio akatangaza kwamba 83% ya programu za USAID zimefutwa. Vita na ufukara wa dawa vilifika mlangoni pamoja.

Watetezi wake wanasema aliacha ruhusa kwa misaada ya kuokoa maisha. Ndiyo, aliitoa mwisho wa Januari. Lakini karatasi haibebi dawa. Wafanyakazi walirudishwa nyumbani, malipo yakakwama, na wenye magari na depo hawakujua nani atawalipa. Mwanamke aliyebakwa anapaswa kuanza dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72. Saa hizo hazingojei saini ya Washington.

Tena, nani angehesabu hao wafu? FEWS NET, mtandao uliotangaza njaa mapema, ulizimwa mwezi huo huo wa Januari kwa sababu ulilipwa na pesa hiyo hiyo. Programu ya uchunguzi wa afya, ile inayojulikana Congo kwa jina la EDS, ambayo ndiyo inaonyesha watoto wangapi wanakufa, ilikatwa pia. Mtu anazima taa, kisha anasema haoni maiti chumbani.

Ubaya ni kwamba Rubio anajua. Mwaka wa 2017, akiwa seneta, aliandika mwenyewe kwamba misaada ya inje si sadaka, haifiki hata 1% ya bajeti ya Marekani, na inalinda usalama wa inchi yake. Hesabu haikubadilika. Kilichobadilika ni kiti chake. Na tarehe 27 Juni 2025 alikuwa mezani Washington wakati Congo na Rwanda zilitia saini mapatano ya amani, madini yakiwa karibu na meza hiyo. Njia ya kufika kwenye madini ya Kivu haikumpotea. Njia ya kufika kwa wagonjwa wa Kivu imempoteaje?

Pesa ni ya Wamarekani, na wana haki ya kuifunga. Lakini anayeondoa seramu kwenye mkono wa mgonjwa kwanza humwita mwingine aishike.

Kinshasa nayo isijifiche nyuma ya Rubio. Abuja, mwaka wa 2001, wakubwa wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti kwa afya. Congo haijafika huko. Na M23, wanaokusanya kodi Goma na Bukavu, wana deni lile lile kwa wagonjwa wa miji hiyo.

Kazi moja haihitaji dola. Kila kituo cha afya, kila mkubwa wa nyumba kumi, kila familia ya wahami iandike: nani amekufa, siku gani, ugonjwa gani, dawa gani ilikosekana. Familia ikiogopa, iweke alama pahali pa jina. Waziri anayesema hakuna aliyekufa ajibiwe kwa daftari, mstari kwa mstari.