Makazi ya Mzazi Aliyepoteza Kumbukumbu

Barua ya wazi kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Dodoma

Yah: Familia kukosa pa kuanzia inapomtafutia makazi mzazi mwenye demensia

Demensia ni kundi la magonjwa ya ubongo yanayomwondolea mtu kumbukumbu, lugha, uwezo wa kuamua na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza, ukichukua kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa. Aina nyingine kubwa hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, mara nyingi baada ya miaka mingi ya shinikizo la damu au kisukari kisichotibiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wapo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tanzania imo katika hesabu hiyo. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta kiwango cha asilimia 6.4 baada ya kulinganishwa kwa umri. Hicho si kiwango cha mbali na kinachoonekana Ulaya. Imani kwamba wazee wa Kiafrika hawaugui ugonjwa huu haina mahali pa kusimama tena.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliikabidhi familia jukumu la kumtunza mzee, na kuyaweka makazi kuwa njia ya mwisho. Kwa mzee mwenye akili timamu, msimamo huo ni wa busara na unalingana na desturi. Kwa demensia iliyokomaa, familia nyingi za mjini hufika kwenye hiyo njia ya mwisho mapema kuliko sera ilivyotarajia. Mzazi huletwa Dar es Salaam au Mwanza kutoka kijijini, akafungiwa ndani mchana kutwa na dada wa kazi mwenye umri wa mjukuu wake. Siku moja mlango unasahaulika. Jioni tangazo linatolewa msikitini na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, picha inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na mzee anaokotwa kata ya tatu bila viatu, akiwa hajui jina la mwanawe. Kwingine hatari ni kubwa zaidi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, bibi anayezunguka usiku akizungumza peke yake yumo hatarini kwa sababu tu ubongo wake ni mgonjwa.

Hapo ndipo kikao cha familia huitishwa, na hapo ndipo neno “kumtupa” hutamkwa. Aibu hiyo ina gharama. Huufanya uamuzi uahirishwe mpaka mzee avunjike nyonga au mtunzaji aanguke kwa uchovu, na makazi yanayotafutwa ndani ya siku mbili huchaguliwa kwa kigezo kimoja: yana nafasi. Mtoto anayemhamishia mzazi mahali penye watu wanaokesha naye hajamtupa. Anayemfungia chumbani kwa kuogopa maneno ya majirani ndiye wa kuulizwa.

Makazi yaliyopo ni ya namna tatu. Ya kwanza ni ya serikali: Nunge huko Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Njoro Moshi, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Misungwi, Kilima Bukoba na mengineyo. Baadhi yalianza kama kambi za wenye ukoma, na hadi leo kazi yake ni kuwapokea wazee wasio na ndugu wala uwezo. Mjane mwenye watoto watatu walioajiriwa si mlengwa wake, hata kama watoto hao hawawezi kumtunza kwa usalama. Namna ya pili ni nyumba za mashirika ya dini, hasa za watawa, zenye uzoefu mrefu na vitanda vichache. Ya tatu ni nyumba za watu binafsi, nyingine zikiwa ni nyumba za kawaida za kuishi zilizowekewa ukuta, geti na wahudumu wachache. Kwa Zanzibar yapo Sebuleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba, chini ya serikali iliyoanza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 pensheni ya jamii mwezi Aprili 2016, na kutunga Sheria ya Masuala ya Wazee mwaka 2020.

Kabla ya kutafuta kitanda, sharti ijulikane mzee anaumwa nini. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, ndani ya siku chache, mara nyingi hakutokani na demensia bali na malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari kushuka au dawa mpya. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi ya kutosha, kaswende ya zamani na sonona nazo huweza kujifanya demensia, na zote zina tiba. Mzee aliyeingizwa makazini kabla ya vipimo hivyo anaweza kukaa humo miaka kwa ugonjwa ambao ungeondoka kwa vidonge. Makazi yanayompokea mgonjwa bila kuuliza cheti chochote cha daktari yameshajieleza.

Saa ngumu huanza magharibi. Mama aliyeshinda mtulivu hufunga kanga zake furushi na kusema anakwenda kwao, mama yake anamsubiri. Mhudumu asiyefundishwa humjibu kwamba mama yake alikufa zamani, na bibi huanza msiba upya, kila jioni. Aliyefundishwa humwuliza kwao kulikuwaje, huku akitembea naye uani hadi atulie. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo tofauti ya makazi mema na mabaya, na haionekani Jumapili saa nne asubuhi, sakafu ikiwa imepigwa deki na wazee wamevalishwa nguo za wageni. Mtoto anayekwenda kukagua aende saa kumi na mbili jioni, bila taarifa. Akizuiwa getini, amekwisha kupata jibu.

Aulize pia ni wahudumu wangapi wanaokuwa macho saa nane usiku. Nyumba nyingi zina watu wa kutosha mchana, na usiku zinabaki na mlinzi na msichana mmoja aliyelala. Lakini wagonjwa wa demensia hugeuza mchana na usiku. Ni usiku wanapoinuka, wanapoanguka, wanapotafuta choo wasikione. Taa hafifu ya kuelekea chooni, mlango wa choo uliopakwa rangi tofauti na milango mingine, na ukuta wenye vishikio vinapunguza ajali kwa gharama ndogo kuliko jengo jipya lenye vigae vinavyoteleza. Geti linapaswa kufungwa, hilo halina ubishi. Ila ufunguo wa kufuli ulio mfukoni mwa mtu mmoja, aliyekwenda dukani, ni maafa yanayosubiri moto.

Kufunga watu ni suala lingine, na barua hii inalikazia. Kanga iliyozungushwa kiunoni na kufungwa kwenye kiti, au mkono uliofungwa kitandani, huitwa usalama na wanaofanya hivyo. Mzee aliyefungwa hudhoofika misuli, hupata vidonda, na huhangaika zaidi. Kamba isiyoonekana ni dawa. Sindano na vidonge vya kumtuliza mgonjwa wa akili hutumika kumnyamazisha mzee msumbufu, ilhali mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo tangu mwaka 2005 kwamba dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Zipo nyakati ambazo daktari huziandika kwa sababu ya msingi na kwa muda mfupi. Familia ina haki ya kuona zimeandikwa na nani, lini, na zitasitishwa lini. Wazee wote wakionekana wamesinzia saa tano asubuhi, hiyo si amani.

Mwili una mambo yake. Kumeza huharibika ugonjwa ukikomaa, na chakula kinachopitia njia ya hewa huleta nimonia, ambayo huua wagonjwa wengi wa demensia. Kwa hiyo mtori au uji unaolishwa taratibu, mzee akiwa ameketi wima, ni sehemu ya tiba. Asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya mgandamizo mgongoni na nyongani, na desturi ya uuguzi ni kumgeuza kila baada ya saa mbili. Mgeni anaweza kuomba kuona karatasi ya kumgeuza mgonjwa na ya kunywa maji. Pampasi zinazobadilishwa kwa ratiba ya nyumba badala ya haja ya mtu huacha harufu isiyofichika.

Lipo na jambo la stara. Mama wa Kiislamu aliyejisitiri miaka sabini hapaswi kuvuliwa mtandio na kuogeshwa na kijana wa kiume kwa kuwa tu ameshasahau. Kusahau hakumfuti mtu. Sala, kasida na tenzi za kanisani mara nyingi hubaki baada ya majina ya watoto kupotea, na mzee asiyeweza kutaja siku ya leo anaweza kuimba beti zote za wimbo wa ujanani. Lugha nayo hurudi nyuma: aliyejifunza Kiswahili shuleni huweza kubaki na Kihaya au Kinyakyusa tupu, akaomba maji usiku kucha mbele ya mhudumu asiyemwelewa, na asubuhi ikaandikwa kuwa alikuwa mkorofi. Makazi yanayouliza lugha ya mama, jina ambalo mzee aliitwa utotoni na kazi aliyoifanya, yanaelewa kazi yao.

Mkataba usomwe na ndugu wote wanaochangia, kwa Kiswahili. Ueleze kama ada inahusisha dawa, pampasi na mtu wa kumsindikiza mzee hospitali. Mchango wa ndugu mmoja ukichelewa itakuwaje. Na nani ataitwa usiku. Kadi ya benki, hati ya nyumba na dole gumba la mzee visiguswe na mwenye makazi, wala na mtoto anayelipa ada kubwa kuliko wenzake.

Mambo haya yote familia inayabeba peke yake. Makao ya watoto yamewekewa leseni na ukaguzi kupitia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa mzee wa Tanzania Bara nguzo kuu imebaki kuwa sera, na sera haimfikishi mtu mahakamani. Madaraka nayo yamegawanyika: Wizara hii ina dhamana ya sera na makazi, maofisa ustawi wa jamii wako kwenye halmashauri chini ya TAMISEMI, na utambuzi wa ugonjwa uko Wizara ya Afya. Dirisha la wazee hospitalini huharakisha foleni, ila halimwambii mtoto ampeleke wapi mama yake.

Uingereza ina chombo cha ukaguzi kilichoanza kazi mwaka 2009, ambacho huingia katika nyumba za wazee, huchapisha ripoti na kuzipa daraja moja kati ya manne, na tangu mwaka 2015 nyumba hulazimika kulibandika daraja hilo mahali pa wazi. Mfumo huo haujazuia maovu yote. Lakini Watanzania na Wakenya wengi wanaofanya kazi ya kutunza wazee huko wanaufahamu kwa ndani, wanajua kumgeuza mgonjwa na kuandika kila kidonge, na wengine wanarudi nyumbani wakitaka kufungua makazi. Wanapaswa kukuta vigezo mezani.

Vigezo hivyo viandikwe mahsusi kwa demensia: idadi ya wahudumu wa usiku, marufuku ya kufunga watu, daftari la dawa linaloonwa na familia, njia ya kutokea wakati wa moto, na mafunzo ya lazima, ambayo Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama inaweza kuyabeba. Makazi ya serikali yaruhusiwe kupokea wagonjwa wa kutwa, au wa wiki mbili, ili mtunzaji apumzike bila kumhamisha mzazi moja kwa moja. Sera ya kuwa familia ndiyo mtunzaji haitadumu kama familia haipumziki.

Hayo yatahitaji bajeti na muda. Lipo moja lisilohitaji jengo wala sheria mpya, na Wizara inaombwa ilianze ndani ya mwaka huu wa fedha: orodha ya makazi yote ya wazee nchini, ya serikali, ya dini na ya binafsi, ikionyesha yaliyosajiliwa, siku yalipokaguliwa mara ya mwisho na kilichokutwa, ichapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika kila ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.