Staa Katwanga Karanga, Watu Wakasema Kafulia: Kinu Hakina Kosa, Kosa Liko Kwenye Lebo

Staa mmoja wa filamu za Kibongo, yule aliyezoeleka kwa magauni ya bei mbaya na picha za Dubai, kaposti klipu ya dakika mbili akiwa jikoni kwake. Khanga kiunoni, kilemba kichwani, hana hata lipstiki. Anatwanga karanga kwenye kinu. Kwenye jiko la gesi sufuria ya chachandu inachemka taratibu, na pembeni mama mkwe wake kakaa kwenye kigoda, anamenya vitunguu swaumu huku anatoa maelekezo.

Ndani ya saa chache komenti zikafurika. "Kafulia huyo." "Mume kasimamisha matumizi." "Kwani supamaketi zimefungwa?" Wengine wakaanza kuhesabu ni siku ngapi gari lake halijaonekana. Mtandao mzima ukageuka mhasibu wa nyumba ya watu.

Sasa, kwenye hilo la kwanza, wachekaji wamekosea, na wamekosea vibaya.

Mtu anayecheka karanga za kutwanga, jioni yake anakula chipsi za kibandani. Mezani kuna kopo la plastiki, mfuniko umetobolewa kwa msumari, ndani kuna kitu chekundu ambacho hata muuza chipsi hajui kimetengenezwa na nini. Anachojua ni kwamba kimeongezwa maji ili kifike usiku. Huyo ndiye anayemuonea huruma mwenzake anayechemsha nyanya zake mwenyewe!

Hata ile ya dukani yenye chupa nzuri haiko mbali sana na soda. Kijiko kikubwa kimoja cha ketchup ya kawaida kina karibu gramu 4 za sukari, yaani kama kijiko cha chai kizima. Mtoto akimwagia chipsi zake vijiko vitatu, kashakula vijiko vitatu vya sukari kabla hajagusa juisi. Anayetengeneza nyumbani, sukari anaiweka mwenyewe kwa mkono wake, na akiamua kuiacha, inaachwa.

Na tangu lini kutengeneza vya kupaka na kuchovya ikawa dalili ya njaa? Watu wa Pwani wana achari ya embe, chatini ya nazi na ya ukwaju toka enzi za mabibi. Pilau ikiletwa bila kachumbari kila mtu anauliza iko wapi. Mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga za kutwanga imelea watoto mikoa kibao. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi vitu hivyo vikiwa kwenye kopo lenye maandishi ya kigeni vinaitwa maisha mazuri, vikiwa kwenye kinu vinaitwa kufulia.

Alichokifanya yule dada kwenye klipu, ukiangalia kwa macho ya mpishi, kilikuwa sawa kabisa. Chachandu yake ilikuwa na nyanya zilizoiva, karoti, hoho, kitunguu maji, tangawizi, kitunguu swaumu na chumvi. Kachemsha vyote mpaka vikalainika, kasaga kwenye blenda, karudisha jikoni, kaongeza siki na kuacha ichemke mpaka ikawa nzito. Kabla pilipili mbuzi haijaingia, kachota kwanza bakuli la watoto, halafu ndipo ya watu wazima ikawekewa moto wake. Akili hiyo. Sufuria moja, nyumba nzima imekula.

Karanga nazo kazichambua kwenye ungo kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa nje, zilizobadilika rangi nje, zenye ukungu nje. Kakaanga kwa moto mdogo, kapukuta maganda, katwanga mpaka mafuta yake yakatoka yenyewe. Hakuongeza hata tone la maji, maana maji kwenye siagi ya karanga ni kuikaribisha iharibike. Watoto wakapakiwa kwenye mkate, wakala, klipu ikaisha.

Ingeishia hapo, hii stori ingekuwa ya kumpongeza tu.

Lakini wiki mbili baadaye ikaja posti nyingine. Lipstiki imerudi, taa za studio zimewaka, na mezani yamepangwa makopo ya aina tatu yenye lebo ya dhahabu: chachandu, siagi ya karanga yenye asali, na kitunguu swaumu kilichosagwa kwenye mafuta, ile ya kurahisishia kina mama kazi ya kumenya. Oda zinapokelewa DM, mikoani inatumwa kwa basi. Na chini ya picha maneno haya: asilia asilimia 100, haina kemikali yoyote, inakaa miezi sita nje ya friji, inafaa familia nzima kuanzia mtoto wa miezi sita.

Hapo ndipo palipostahili povu. Cha ajabu, hapo ndipo wale wale waliocheka kinu walipoandika "hongera bosi", "mwanamke mpambanaji", na mioyo mingi.

Maneno hayo yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Kitu cha kiwandani kinakaa miezi kwenye rafu kwa sababu kuna mtu kakipima uchachu wake, kakipasha moto kwa kiwango kinachotakiwa, kakifunga kwenye chombo kilichouliwa vijidudu, na mara nyingi kakiwekea kihifadhi. Cha nyumbani kina utamu wake kwa sababu hakijapitia yote hayo, na kwa sababu hiyo hiyo hakikai. Huwezi kuwauzia watu sifa ya jikoni na maisha marefu ya kiwandani kwenye kopo moja. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa inayomponyoka ni afya ya mteja.

Twende kopo kwa kopo.

Chachandu ndiyo yenye nafuu. Nyanya na siki vina uchachu, na uchachu unawakwamisha vijidudu wengi wabaya. Ikiharibika huwa inasema: inatoa povu, inavimbisha mfuniko, inanuka. Ndivyo ilivyomtokea mteja mmoja aliyeandika kwenye komenti kwamba kopo lake lilipofunguliwa lilipiga kelele kama soda na kumrukia ukutani. Komenti yake haikumaliza saa moja. Ilifutwa, na mwenyewe akapigwa bloku. Lakini kwa kweli mteja huyo ana bahati, maana kopo lake lilimuonya.

Kitunguu swaumu kwenye mafuta hakionyi. Kitunguu kinatoka ardhini, na ardhini kuna kijidudu ambacho mbegu zake zinastahimili hata maji yanayochemka. Ukikifunika kwa mafuta umekikosesha hewa, na kukosa hewa ndiko kunakokipa raha. Kikikaa kwenye joto la kawaida kinaweza kutengeneza sumu inayoitwa botulinum, inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Haina harufu, haina ladha, haina povu. Siyo hadithi ya kutishana. Mwaka 1985 kule Vancouver, Kanada, watu zaidi ya 30 waliugua baada ya kula kwenye mgahawa mmoja, na chanzo kilikuwa kitunguu swaumu kilichosagwa kwenye mafuta na kuachwa nje ya friji. Nyumbani kitu hiki ni cha kukaa kwenye friji siku chache tu, kama nne hivi, au kugandishwa kwenye friza. Miezi sita kwenye kabati la jikoni la Dar, kwenye joto lile? Hapana.

Siagi ya karanga nayo ina mambo mawili. La kwanza ni sumukuvu, ile sumu ya kuvu inayopenda sana mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Watanzania hawahitaji kusimuliwa. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara, na mahindi yenye sumukuvu yakatajwa kuwa chanzo. Kukaanga hakuiondoi yote. Kinga ni kuanza na karanga kavu, nzima, zilizochambuliwa. Kwenye klipu alichambua sahani moja kwa ajili ya wanawe. Je, akinunua gunia zima, na oda zinamsubiri DM, nani anachambua? Swali hilo limeulizwa mara tatu kwenye posti yake. Halijajibiwa hata mara moja.

La pili ndilo zito kuliko yote: asali, na mtoto wa miezi sita. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata kidogo, hata ya nyuki wa porini kabisa. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu kile kile cha botulinum, ambazo kwa mtu mzima zinapita tu, lakini kwenye utumbo wa kichanga zinaota na kutengeneza sumu. Mama wa kwanza wa Kigamboni au Morogoro anayemuamini staa wake atasoma "kuanzia miezi sita", atachota kijiko, atampa mwanawe. Hatakuwa mzembe. Atakuwa amesoma lebo, kama anavyoambiwa kila siku asome.

Kuna wanaosema aachwe, mbona mama wa mihogo pale kona anauza chachandu kwenye chupa ya maji na hakuna anayemsumbua. Ni hoja, ila haisimami. Mama wa mihogo anachemsha alfajiri, jioni kaimaliza. Wateja wake ni wale wale, kesho wakiumwa matumbo wanajua pa kwenda kudai. Hajaandika miezi sita popote. Kopo la staa linalala kwenye buti la basi usiku kucha, linafika Mwanza, linakaa dukani kwa wakala, na anayelifungua hana wa kumuuliza zaidi ya akaunti iliyokwisha mbloku. Umbali ukiongezeka, uangalifu nao uongezeke.

Wengine wanasema ni wivu, dada wa watu anatafuta riziki, filamu siku hizi hazilipi. Sawa, na atafute. Mbona kuna mwenzake, mke wa msanii mmoja wa Bongo Fleva, anafanya biashara hiyo hiyo bila kelele? Anapokea oda mpaka Alhamisi, anapika Ijumaa, Jumamosi bodaboda wanasambaza ndani ya Dar tu. Kwenye kopo kaandika kwa kalamu ya wino tarehe aliyopika na maneno "weka kwenye friji, maliza ndani ya wiki". Makopo madogo, si ndoo. Watu walimwambia abadili lebo, ile ya kuandika kwa mkono inamshusha hadhi. Hajabadili, na wateja wake wanaongezeka, maana wanajua wanachokula kimepikwa lini.

Staa naye njia anayo, tena haina aibu. Aondoe asali kwenye siagi, au aandike kwa herufi kubwa kwamba chini ya mwaka mmoja hairuhusiwi. Kitunguu swaumu akiuze kikiwa kimegandishwa, au akiache. Miezi sita aifute mpaka mtu mwenye vipimo aithibitishe. SIDO wanafundisha usindikaji wa vyakula kwa wajasiriamali wadogo, na TBS ndio wanaopima na kutoa alama ya ubora. Kwa jina alilonalo, foleni hiyo angeipanga siku moja na kuiposti, na ingempa kiki ya maana kuliko zote alizowahi kutafuta. Na yule mteja wa kopo lililomrukia, amtoe bloku na amrudishie hela yake.

Jambo la mwisho ni hili, na limo kwenye klipu ile ile ya kwanza ambayo watu walikuwa bize kucheka kinu wasisikilize. Mwishoni kabisa, chachandu inapomiminwa kwenye chupa, mama mkwe anasikika akisema, "Mwanangu, hii iishe wiki hii hii, isilale sana." Staa anajibu, "Sawa mama."

Klipu hiyo imerudiwa kutangazia biashara. Kinu kipo, khanga ipo, kicheko cha mama kipo. Sentensi hiyo imekatwa.

Mama wa watu hana lebo ya dhahabu wala wafuasi milioni. Lakini alichosema ndicho kilichotakiwa kuandikwa kwenye kopo.

Haya, uwanja ni wako. Kwako nyumbani chachandu inakaa siku ngapi kabla haijaisha au kumwagwa? Na ungekuwa wewe ndiye mteja uliyefutiwa komenti, ungenyamaza? Shusha maoni yako hapo chini, kwa staha, bila kutukana mama wa mtu.