Bia ya Prague, busaa ya Majengo

Msee akipiga picha na glasi ya bia mji mkongwe wa Prague, tunampa laiki. Mama akipika busaa Majengo, tunamwitia karao. Niambie tofauti iko wapi, ukiacha mawe ya barabarani.

Ni umri? Majengo iko Pumwani tangu miaka ya 1920. Nyumba nyingi za mwanzo zilijengwa na wanawake, na pesa ya pombe ilikuwa ndani ya hizo kuta. Manispaa ya mkoloni nayo ilifungua ukumbi wake wa pombe ya kienyeji hapahapa Pumwani, huku ikimshika mama aliyeuza ileile kwake. Shida haikuwa ulevi. Ilikuwa ni nani anashika pesa.

Utasema pombe inaua. Kweli. Mwaka 2000, kumi kumi yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi. Lakini hapo chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku miaka 20. Marufuku ilimlinda nani? Sheria ya 2010 ikairuhusu, bora iwe na leseni na chupa ya kioo. Mama mwenye mtungi mmoja atatoa wapi kiwanda?

Mimi nataka leseni anayoweza kulipa, mtu wa kupima pombe yake, na viti vya jioni mbali na msikiti, maana wazee pia ni wa mtaa. Hadi hapo, usinionyeshe Prague. Bibi yangu alihepa polisi na mtungi kichwani.