Tusiishie kwenye neno "Acha"



Yaya wangu ni dereva wa taksi-basi hapa Lubumbashi. Alikuwa akivuta sigara 20 kwa siku, pakiti nzima. Kwa miaka mingi tulimwambia neno moja: acha. Mama alilia, shemeji alinuna, mimi nilimhubiria. Yeye alijibu: "Siachi. Mnisahau." Akaanza kuvutia nje ya lupango, mbali na macho yetu, na mazungumzo yakaisha.

Sisi tunaosoma lugha tunajua kwamba amri huacha majibu mawili tu: kutii au kukataa. Mwaka jana nikajaribu swali. "Yaya, ile ya asubuhi, unaweza kuichelewesha mpaka umalize safari ya kwanza?" Akacheka, akasema anaweza. Kisha tukakubaliana asivute ndani ya gari wala ndani ya nyumba wanamolala watoto. Pakiti akaanza kuiacha kwa shemeji, naye anatoka na sigara chache zilizohesabiwa. Leo anavuta 8.

Rafiki yangu mmoja wa kitivo ananipinga: kupunguza ni kujidanganya. Hoja yake ina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la BMJ ulionyesha kwamba anayevuta sigara 1 tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Tena, anayepunguza huweza kuvuta kila sigara kwa nguvu zaidi, mpaka kwenye kichungi, kwa sababu mwili unadai nikotini yake. Nilimwona yaya akifanya hivyo juma la kwanza.

Hata hivyo, hitimisho la rafiki yangu silikubali. Kwa mtu aliyekwisha kukataa kuacha, tunachoweza kupata leo ni 8 badala ya 20. Sifuri bado haijafika mezani. Tena, tafiti zimeonyesha kwamba wavutaji wasio tayari kuacha, wakisaidiwa kupunguza kwa dawa za nikotini kama vile ubani wa kutafuna, hufika kuacha kabisa kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa dawa hizo. Yaya hana dawa hizo. Ana sisi tu.

Basi ombi langu kwenu, ninyi mlio na baba, mjomba au rafiki wa namna hii: mwambieni ukweli kwamba sigara salama haipo, wala msimsifu kana kwamba amekwisha kupona. Lakini msimfukuze kwa neno moja. Ombeni kidogo anachoweza kutoa, kisha mrudi kuomba tena.

Juma lililopita, bila kuulizwa, yaya aliniambia: "Hizi 8 nazo zinanichosha." Sikumwambia aache. Nilimwuliza ni ipi kati ya hizo asiyoipenda sana.