Neno Liandikwe, Lakini Watu Wasipunguzwe



Wengi wa jirani zetu hapa Eastlands hupata riziki yao katika uwanja wa ndege kule Embakasi. Kwa hiyo mazungumzo ya rubani na mwongoza ndege aliye mnarani si habari za watu wa mbali.

Tarehe 3 Septemba 1974 ndege ya British Airways, aina ya Boeing 747, ilikuwa ikikaribia Nairobi. Mwongozaji aliipa ruhusa kwa redio ishuke mpaka futi 7,500 kutoka usawa wa bahari. Marubani walisikia 5,000. Na uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300! Ndege ilifika futi 70 hivi juu ya ardhi, kisha ikapaa tena. Hesabu moja tu ilisikiwa vibaya.

Siku hizi kuna chombo kingine. Mwongozaji huandika amri, nayo hutokea kwenye kioo mbele ya rubani, ambaye hujibu kwa kubonyeza kitufe. Hutumika sana juu ya bahari kuu, ambako sauti ya redio ni hafifu. Mimi nakisifu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi wa reli twajua faida ya dereva kushika kibali cha njia mkononi.

Lakini katika redio marubani wote walio karibu husikia mwenzao anaambiwa nini, na mmoja aweza kutambua hatari. Maandishi humfikia yule mmoja tu. Tena huchelewa, ndiyo sababu karibu na uwanja sauti bado yatumika.

Wala chombo hakiondoi haja ya watu. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege mbili zilikutana njiani. Chombo cha ndege moja kiliwaambia marubani wapande. Mwongozaji akawaambia washuke. Walimtii mwongozaji. Ndege ya pili nayo ikashuka kwa amri ya chombo chake. Zikagongana, wakafa watu 71. Mwongozaji alikuwa peke yake akiangalia vioo viwili. Mwenzake alikuwa mapumzikoni.

Basi, iwe mnarani au relini, kabla mashine mpya haijafungwa chama kimwulize mwajiri maneno matatu. Nani wamefundishwa kuitumia? Zamu itabaki na watu wangapi? Mashine ikisema hivi na mkubwa akisema vile, tufuate lipi? Na majibu yaandikwe, yatiwe sahihi.